Ilivunjika Yenyewe

Issuna,
11 Machi 2024

Mpendwa mpwa wangu Asnath,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano marefu kati yangu na nafsi yangu, natangaza rasmi kwamba leo saa nne asubuhi mimi mjomba wako Chrispin, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, nimenunua daftari. Ni la kurasa sitini na nne, jalada la kijani. Jina langu nimeliandika juu. Mahali pa "Darasa" nimepaacha wazi kwa sababu sikujua niandike nini. Muuza duka aliniuliza ni la mtoto gani. Nikasema ni la mtoto wa pale nyumbani. Hakuuliza zaidi, ila alitabasamu vibaya.

Natumaini u mzima huko Sumbawanga na baridi yenu. Sisi hatujambo. Mama Gabrieli anakusalimu, goti limepungua kuuma, mdomo haujapungua. Alizeti imesimama vizuri. Kuna kuku ameatamia mayai tisa ndani ya kofia yangu ya Jumapili, na mama Gabrieli ametoa hukumu kwamba kuku ana haki kuliko mimi.

Sasa jambo lenyewe. Nataka unifundishe Kiingereza. Si chote, usiogope. Nataka wakati uliopita tu. Wakati uliopo sina shida nao, nimo ndani yake. Ujao anaujua Mungu. Uliopita ndio unaonisumbua.

Usiniulize ni wa nini. Sema ni uzee. Na usinipigie simu, maana yangu siku hizi inasema kwa sauti kubwa tu, na nikiulizwa swali mama Gabrieli na majirani wawili wanajibu kabla yangu. Niandikie kwa anwani ya parokia.

Kwetu mambo ni rahisi: unachomeka "li" katikati, kazi imekwisha. Kwao nakumbuka unabandika "ed" mwishoni. Basi nimeanza:

I goed to Ikungi. I eated ugali. I taked the bicycle.

Kalamu nyekundu unayo. Usinionee huruma.

Mjomba wako,
Chrispin


Sumbawanga,
2 Aprili 2024

Shikamoo mjomba,

Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai mgongoni, kwa hiyo nadhani parokia nzima inajua kuhusu daftari. Mimi mzima. Kidato cha pili wangu wamefanya jaribio wiki iliyopita, na wapo walioandika "goed" kama wewe. Hauko peke yako, mjomba. Ila wao wana miaka kumi na tano.

Sahihisho: went, ate, took. Hizi hazifuati kanuni yoyote, unazikariri tu kama majina ya wakwe. Zipo zinazokubali "ed" bila ugomvi: washed, cooked, locked. Na zipo zisizobadilika hata ukizibembeleza: cut, put, shut. Ukitaka kukataa, unaweka "did not", na hapo kitenzi kinarudi kama kilivyozaliwa: I did not take. Usije ukaandika "did not took". "Did" imeshavaa koti la wakati uliopita, kitenzi hakina haja ya kuvaa la pili.

Jumapili nilimpigia mama kule Mgori. Nilipomwambia mdogo wake anasoma Kiingereza, alicheka mpaka mtandao ukakata. Aliporudi akanipa ile sentensi yake: Yesterday I went to the market. Unaijua, jana nilikwenda sokoni. Nimekua nikiisikia. Ukimuuliza harusi ilikuwaje, Yesterday I went to the market. Ukimuuliza chumvi iko wapi, Yesterday I went to the market. Anasema ndicho Kiingereza chote alichobakiwa nacho kutoka kwenye redio ya shule.

Ninyi mlisoma darasa moja, mjomba. Kwa nini yeye hakumaliza la saba? Kila nikimuuliza ananijibu sokoni.

Niandikie sentensi kumi.

Mpwa wako,
Asnath


Issuna,
28 Aprili 2024

Mheshimiwa Mwalimu Asnath,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nne, mara ya tatu kwa sauti, mpaka mbuzi akaondoka. Hatujambo. Gabrieli ametoka Manyoni kutusalimia, ameleta sukari na maoni. Anasema mtu wa umri wangu angejifunza kutumia simu vizuri. Nikamwambia simu haina wakati uliopita.

Kuhusu mama yako, kuku wa kwenye kofia ameangua vifaranga saba.

Sentensi zangu kumi ni hizi, na makoti nimeyahesabu: I did not take. I did not see. I did not know. I did not open. I did not go there. I did not hear. I did not touch. I did not run. I did not laugh. I did not tell.

Naomba na hizi unipe wakati uliopita wake: hide, climb, fall, break, keep quiet.

Nina swali moja la kitaalamu. Sisi tuna "vunja" na tuna "vunjika". Ukisema "nilivunja", mtu yupo. Ukisema "ilivunjika", mtu hayupo, kitu kimejivunjikia chenyewe, kila mmoja anarudi kwake. Je, Waingereza nao wana hiyo "ika"? Nimeitafuta katika kamusi ya Gabrieli sijaiona. Nina haja nayo sana.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Chrispin


Sumbawanga,
19 Mei 2024

Shikamoo mjomba,

Nimekuuliza habari za mama umenijibu habari za kuku. Nisalimie vifaranga.

Vitenzi vyako: hid, climbed, fell, broke, kept quiet. Na sentensi zako kumi zote ni sahihi, hongera, sijatumia wino hata kidogo. Ila nimefundisha miaka tisa, na sijawahi kuona mwanafunzi aliyepewa uhuru wa kuandika lolote akakataa mara kumi. Mtu anayejifunza wakati uliopita huanza na alichofanya. Wewe umeanza na ambacho hukufanya.

Swali lako la kitaalamu. "Ika" hawana. Ukitaka kusema redio ilivunjika, au sahani, au chochote, unasema It broke. Ukitaka kusema wewe uliivunja, unasema I broke it. Neno ni hilo hilo, mjomba. Broke ni broke. Linalobadilika ni nani anasimama mbele yake.

Nimeandika "redio" kwa mfano tu. Halafu nikakaa na kalamu mkononi.

Niliwahi kukusimulia mama anavyofunga mlango? Anafunga kufuli, anapiga hatua tano, anarudi kulivuta. Anaondoka, anarudi. Mara tatu, kila siku ya maisha yangu. Shuleni nilichelewa kwa sababu ya kufuli lile. Siku moja nilimuuliza kwa ukali. Akasema, "Mimi niliwahi kuzembea ufunguo wa watu, mwanangu. Tangu hapo sijiamini."

Ni kitu gani kilivunjika, mjomba?

Asnath


Issuna,
9 Juni 2024

Mpendwa Asnath,

Marahaba. Tunavuna alizeti, upepo umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Mama Gabrieli anauliza kwa nini siku hizi nakaa nyuma ya ghala na daftari. Nimemwambia nahesabu magunia. Amesema magunia ni kumi na nne na hayana haja ya kurasa sitini na nne.

Nimeandika habari ndefu. Ni hii:

In 1986 my sister kept the key of the cupboard. She was the head girl. One Saturday I took the key. I opened the cupboard. I took the school radio because I wanted the football. I climbed the rock. The radio fell. It broke. I put it in the cupboard. I locked it. I kept quiet.

Umeona? Karibu vyote umenifundisha wewe.

Mpango wangu ni huu, na nimeufikiria kwa miezi. Nitakwenda Mgori nimsomee dada Anastazia habari hii kama ilivyo, kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nimejaribu miaka thelathini na nane, maneno yanafika kwenye meno yanageuka. Kwa Kinyaturu ndiyo kabisa, naisikia sauti ya marehemu mama. Kiingereza hakina mtu wa kwetu ndani yake. Nikishamaliza nitakuwa nimesema, na yeye atakuwa hajaumia. Wewe sahihisha tu.

Mjomba wako


Sumbawanga,
21 Julai 2024

Shikamoo mjomba.

Sikuandika kwa wiki sita. Nilianza barua nne nikazichana. Sitakuambia zilisemaje, ya pili ilikuwa na matusi.

Nimesahihisha. Kosa ni moja tu, nimelizungushia nyekundu: "It broke." Unajua linalotakiwa kusimama mbele.

Wewe ndiye uliyenilipia nauli ya kwanza kwenda chuo, na ukanibebea sanduku kichwani mpaka stendi ya Ikungi ukiimba. Bado ni wewe. Nimejikumbusha hivyo kila siku katika wiki hizo sita, maana nilihitaji kukumbushwa.

Umechagua Kiingereza kwa sababu mama hakijui. Na mjomba, hakijui kwa sababu gani? Mwambie kwa lugha anayoisikia. Mimi sitamwambia. Hiyo sentensi si yangu.

Asnath


Issuna,
11 Agosti 2024

Mpendwa Asnath,

Marahaba mwanangu. Nimekwenda Mgori juzi. Nimemwambia dada yote. Amepokea vizuri, tena alicheka. Mambo yamekwisha, tumshukuru Mungu. Vitunguu vimeshika bei. Mama Gabrieli anasalimu.

Chrispin


Sumbawanga,
25 Agosti 2024

Shikamoo mjomba,

Nimezungumza na mama jana. Amesema, "Mjomba wako alikuja, akanibadilishia kitasa, akala kuku mzima, akaondoka kama mtu anayefukuzwa."

Barua yako naiweka hapa mezani. Haina kosa la sarufi hata moja. Nimeipa sifuri.

Asnath


Issuna,
22 Septemba 2024

Mpendwa mwanangu Asnath,

Marahaba. Leo sina habari za kuku.

Nitakueleza ilivyokuwa, na mbele ya kila kitenzi nitasimama mwenyewe.

Safari ya kwanza sikukudanganya yote, nilikudanganya sehemu kubwa. Nilimwambia kweli. Nilimwambia kwa Kiingereza, nikiwa nimempa mgongo, bisibisi mkononi, daftari nimeliegemeza kwenye mlango ninaorekebisha kitasa chake. Nilisoma mpaka "I kept quiet". Mama yako alicheka sana. Akasema, "Chrispin, kumbe kweli unasoma! Yesterday I went to the market!" Akaenda kuchinja kuku wa kunipongeza. Nilimla huyo kuku, Asnath. Sijawahi kula kitu kigumu namna ile, na alikuwa laini.

Jumapili iliyopita nimerudi. Daftari nililiacha nyumbani.

Nilimkuta nje anachambua choroko kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamwambia kwa Kinyaturu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Dada, redio ya shule niliivunja mimi."

Akaendelea kuchambua. Nikadhani hakusikia, na nikuambie ukweli, moyo wangu ulifurahi kidogo. Halafu vidole vikasimama.

"Redio ipi?"

"Ile. Ufunguo uliutundika kwenye msumari ukaenda kuoga. Nikauchukua. Nikaipandisha redio juu ya jiwe ili ishike mpira vizuri, nikaiachia mkono niishangilie timu. Nikairudisha kabatini imepasuka, nikafunga, nikautundika ufunguo pale pale kabla hujarudi."

Ilipofika siku ya somo la redio, Mwalimu Melkizedeki alitupanga mstari akauliza nani. Mama yako akasema, "Ufunguo ninao mimi." Nilikuwa nyuma yake, mtu wa tatu. Neno pekee nililolitoa siku ile ni, "Labda ilivunjika yenyewe, mwalimu." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Akachapwa mbele yetu, akavuliwa udada mkuu. Babu yako akasema mtoto asiyetunza ufunguo hatatunza masomo, akamtoa shule wiki tatu kabla ya mtihani. Mimi nikafanya mtihani, nikachaguliwa, nikaenda sekondari nikakaa miaka minne, nikarudi na F ya Kiingereza. Nafasi iliyoipata nyumba yetu niliitumia hivyo.

Haya yote nilimwambia. Hakulia, ingawa mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Aliniuliza maswali kama hakimu.

"Kwa hiyo niliutundika."

"Uliutundika, dada."

"Kwenye msumari."

"Kwenye msumari wako ule ule."

"Na kabati nilikuwa nimelifunga."

"Ulilifunga. Nililikuta limefungwa."

Akaweka ungo chini. Akavua kandambili moja, akanichapa nayo mgongoni, mara mbili, mwanamke wa miaka hamsini na sita. Sikuinuka. Ya tatu haikufika. Akaingia ndani akafunga mlango kwa kitasa nilichomwekea, na nikagundua nimekiweka vizuri kuliko nilivyokusudia.

Nilikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia. Jirani akapita akaniuliza namsubiri nani. Nikasema namsubiri dada. Akasema, "Si yumo ndani?" Nikasema ndiyo.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alikuwa ameshika daftari la zamani la mtoto wa Joyce, dada yako, lenye kurasa chache nyeupe nyuma. Akakaa. Akasema, "Chrispin, somo lile la sokoni lilikuwa la Jumatano. Mwalimu wa redio alisema wiki ijayo tutasikia alinunua nini. Miaka yote hii nauliza alinunua nini. Wewe ulikwenda mbele. Alinunua nini?"

Asnath, nilitaka kumtungia. Ndizi, kitambaa, samaki, vyote vilikuja mdomoni kwa wakati uliopita bila kosa. Nikasema, "Sijui, dada. Sikulisikia. Nilikuwa nimeshaivunja."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi nipe maneno," akasema. Akauliza "vunja" iliyopita ni nini, na "poteza", na "kaka", akasema "mdogo wangu wa kiume" kwao ni refu mno kwa mtu kama mimi. Nikamtajia. Aliandika mwenyewe, hakutaka nimshikie karatasi.

Alipotoka kunisindikiza kwenye gari alifunga kufuli. Akapiga hatua tano, akasimama. Nikajua atarudi, na akarudi, akalivuta. Nilisubiri mara ya pili. Akanishika mkono akasema, "Twende, gari litakuacha." Mara moja tu, mwanangu. Ningesema hakurudi kabisa barua ingependeza zaidi, lakini alirudi mara moja.

Hajanisamehe kwa mdomo. Amesema nije wiki ya kwanza ya Oktoba na daftari langu, na kuku nije naye mwenyewe. Nadhani nitamtoa yule wa kwenye kofia.

Ukurasa wake nimeuweka ndani ya barua hii. Anasema usahihishe kwa kalamu nyekundu na usimwonee huruma. Mimi nimeona makosa mawili, koti moja limevaliwa juu ya jingine. Sikuyagusa. Ameandika:

Yesterday I went to the market. My brother came. He broked the radio. I did not lost the key.

Mjomba wako,
Chrispin